Uso Uliopitishwa Sabuni

Ule mng'ao uligoma kutoka. Swalihu alikuwa ameshaupangusa mara mbili kwa brashi laini ya kompyuta, akianzia pembeni kuingia ndani, kama mtu anayefuta maziwa mezani bila kuyatandaza. Mara zote mbili, alipovuta kiti nyuma autazame uso mzima, aliuona upo palepale: kiduara cheupe juu ya nyusi, mahali ambapo jua la mchana la Dodoma hupenda kutua kwa kila anayekubali kupigwa picha nje.

"Bado, kaka?" aliuliza dada aliyekaa kwenye benchi nyuma yake.

"Paji tu, dada. Mashavu yameshakaa."

Dada huyo aliitwa Edina, mtumishi wa ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Alikuwa amejifunga kanga juu ya sketi ya ofisini, na kwa jinsi alivyoifunga ungejua kuwa msiba ulimkuta kazini. Mama yake, Anjelina, alikuwa amefariki ghafla, na maziko yalikuwa kesho yake kijijini kwao, upande wa Bahi. Picha nzuri ya marehemu haikupatikana. Ilikuwepo hii moja, aliyopigwa kwa simu nje ya kanisa siku ya harusi ya mpwa wake, jua likiwa utosini, nusu ya uso imezama kwenye kivuli cha kilemba na nusu imeungua kwa mwanga. Jeneza linapotoka nyumbani lazima mtu alitangulie akiwa ameikumbatia picha kifuani, na Edina hakutaka mama yake atangulie akiwa amekunja uso kama aliyewakasirikia waliokuja kumzika.

Swalihu hakusomea kazi hii mahali popote. Alijifunza kwa kuharibu. Kila picha aliyoiharibu aliirudia kuitazama mpaka akajua alipokosea, na kwa miaka akajipatia utaratibu wake: kwanza kivuli, kisha ngozi, kisha macho, mdomo mwisho. Hatua za ngozi alikuwa amezifunga pamoja ndani ya kompyuta ziende zenyewe kwa kubonyeza mara moja, na fungu hilo akalipa jina la Sabuni. Mabibi harusi walipita kwenye Sabuni, wanachuo walipita, mgombea mmoja wa udiwani alipita mara mbili kwa ombi lake mwenyewe. Chunusi, makovu ya tetekuwanga, makunyanzi, weusi wa chini ya macho, vyote vilikwenda na maji.

Simu ya Edina iliita. Alisogea mlangoni akaongea kwa sauti ya chini, lakini studio ilikuwa chumba kimoja, na masikio hayana pazia.

"Nimesema Baba asiambiwe. Kesho wanampasua mguu, presha ikipanda je? Akiuliza, mwambieni Mama ameenda Mpwapwa kwa Mama Mkubwa Generosa. Ndiyo, Mpwapwa. Tuseme wote hivyohivyo, asije mmoja akasema lake."

Makame, mwenye studio, Mzanzibari aliyehamia Dodoma na kamera zake tangu ujana, aliinama sikioni mwa Swalihu. "Ukizidi kumng'arisha huyo mama ataamka, aje kuulizia fremu yake."

"Nyamaza wewe. Mwenye msiba yuko mlangoni."

"Mimi nasifu kazi tu."

Swalihu alirudi kwenye paji. Safari hii hakupangusa. Alichukua kipande cha ngozi ya shavu, akakipanda juu ya kile kiduara, akakilainisha kingo. Kikatoweka. Paji likabaki safi kama yai. Hapo akajisikia vibaya kidogo, bila sababu, kama mtu aliyefunga mlango halafu akahisi amemwacha mtu nje. Hakujali. Akachapisha.

Edina alipoiona alishika mdomo. "Jamani, Mama," alisema. "Amepumzika." Akalia, akashukuru, akaibeba picha ikiwa imefungwa kwenye kanga, uso ukimwelekea yeye.

Hayo yalikuwa ya siku hiyo. Makame, kwa upande wake, aliipenda picha ile kiasi kwamba alichapa nakala nyingine bila kumuuliza mtu, akaitundika dirishani pamoja na zile za kuvutia wateja. "Sura ya mama wa kila mtu," alisema. "Hiyo itatuletea watu."

Na kweli iliwaleta, ila si wale aliowatarajia. Wa kwanza alikuwa muuza karanga wa kona ile. Alisimama dirishani na sinia kichwani, akakaa, akakaa, mpaka Swalihu akatoka kumuuliza.

"Huyu mmempata wapi?" alisema mwanamke huyo. "Huyu si shangazi yangu? Tulimzika Kondoa."

Baada yake akaja bwana mmoja wa tai na kitambulisho shingoni, mtu wa Bunge kwa jinsi alivyovaa, akasema picha hiyo ni ya mama yake mzazi, aliyefia Bukoba, na kwamba yeye hajawahi kumpa mtu ruhusa. Swalihu alimweleza taratibu. Yule bwana alitazama tena, akavua miwani, akavaa. "Samahani," alisema. "Ni macho tu. Lakini angalia mdomo ule." Akaondoka akigeuka nyuma. Wakaja wengine. Kila aliyewahi kufiwa na mwanamke mtu mzima alimwona wake mle ndani ya fremu.

"Si nilikwambia?" alisema Makame, lakini safari hii hakucheka.

Swalihu akaanza kuiona mwenyewe, namna nyingine. Alikuwa akisafisha picha ya mwanachuo aliyehitimu, paji pana lisilo na doa, mara akaona pale juu ya nyusi, upande wa kushoto kidogo, kiduara hafifu. Alichukua kitambaa akafuta kioo cha kompyuta. Hakuna vumbi. Akapepesa macho, kikaondoka. Akafungua bibi harusi: kilikuwepo. Akamwita Makame.

"Wapi?"

"Hapo."

"Hapo hamna kitu, ndugu yangu. Nenda nyumbani ukalale."

Alilala. Asubuhi kiduara kilimngoja kwenye paji la mtoto wa kipaimara. Swalihu hakuwa mtu wa kukimbilia kusema hili ni jini au hili ni uchovu. Alizoea kuliacha jambo likae mpaka lijieleze. Basi akaendelea na kazi zake, ila tangu hapo, kila alipobonyeza Sabuni, aligeuza uso pembeni mpaka imalize.

Mwezi uliandama, ukaisha, na Edina akarudi. Alikuwa amekonda. Hakuingia moja kwa moja. Alisimama nje dirishani, na Swalihu alipomwona anamtazama nani, aliinuka kitini.

"Mmemtundika mama yangu," alisema Edina alipoingia. Hakupaza sauti.

"Dada, kosa ni langu," alisema Makame haraka. "Naitoa sasa hivi. Nisamehe, niliona imependeza."

"Imependeza," alisema Edina. "Ndiyo shida yenyewe." Akakaa kwenye benchi lilelile. "Baba anasema huyu si yeye."

Akawasimulia. Mzee Zablon, baba yake, alitoka hospitali ya Mvumi mguu umefungwa bendeji, wakampeleka nyumbani, wakamkalisha, wazee wa ukoo wakamwambia. Mkewe amefariki, ameshazikwa, kaburi lile pale. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba aione picha iliyotangulia jeneza. Wakamletea. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Akasema, 'Huyu simjui. Mmemzika mke wa mtu.' Tukadhani ni uchungu. Lakini kaka, hakulia. Alifurahi! Akasema, 'Mlipokuja hospitali mliniambia Anjelina yuko Mpwapwa kwa dada yake. Wote mlisema, hata mchungaji. Basi atarudi akitoka Mpwapwa.' Sasa kila jioni anajikongoja mpaka barabarani kusubiri basi. Chakula cha Mama kinawekwa kando na kufunikwa. Matanga tumeanua yeye hayupo, alikuwa barabarani."

Nje madereva wa bodaboda waligombania abiria.

"Nikimwambia tulidanganya, anauliza: tulidanganya lini, siku ile au leo? Nitamjibu nini? Nikamuuliza, 'Baba, kwani huyu ana kasoro gani?' Akaniwekea kidole hapa." Edina akagusa paji lake mwenyewe, juu ya nyusi, kushoto kidogo. "Akasema, 'Muhuri wake uko wapi?'"

Swalihu aligeukia kompyuta, akaitafuta picha ya asili, maana kawaida yake ilikuwa kutoigusa ya asili hata siku moja, akaifungua. Akaikuza. Akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya siku ya kwanza: akafuata jua. Kwenye pua mng'ao uliegemea kulia. Kwenye shavu, kulia. Kwenye mdomo, kulia. Kwenye paji peke yake ulikaa kushoto, mviringo, umejitegemea.

"Haikuwa jua," alisema.

Ilikuwa alama, ile waliyowekewa watoto wa Kigogo zamani kwenye paji la uso, kovu dogo la duara, laini kuliko ngozi iliyolizunguka, linaloshika mwanga kama sarafu. Swalihu alizaliwa mjini hapohapo, babu zake walikuja na misafara wakalowea, na tangu utoto aliziona alama zile sokoni kwenye nyuso za bibi waliomuuzia ubuyu. Alizijua kama alivyojua rangi ya udongo. Lakini mbele ya kioo cha kompyuta hakumwona bibi yeyote, aliona mwanga uliozidi.

"Nilidhani ni jua, dada Edina. Nikalifuta."

Edina akasema, "Na mimi nilikuwa nimekaa hapa. Nilikuona ukilifuta. Nimebebwa na mama huyu, nimemchana nywele miaka yote, na sikuona kilichoondoka. Nikasema amependeza." Akajifuta macho kwa kiganja. "Tusilaumiane. Lirudishe tu. Baba akimkubali atalia, akilia atakula. Akiendelea hivi tutamzika na yeye, tena barabarani."

Swalihu alitazama tena ya asili. Pale penye alama mwanga ulikuwa umeunguza kila kitu. Ndani yake hapakuwa na kingo wala umbo. Kufuta alijua. Kurudisha kitu ambacho kamera yenyewe haikukiona, hilo hakuwahi kulifanya.

"Nitahitaji mtu anayelijua," alisema. "Unaweza kumleta mzee?"

Kesho yake mzee Zablon aliletwa kwa bajaji. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti zito mabegani japo jua lilikuwa kali, fimbo mkononi. Alisimama kizingitini.

"Mbukwenyi!" alisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa!" aliitikia Makame kwa lafudhi ya Unguja.

Mzee alimtazama juu mpaka chini. "Mgogo wa kwenye maji huyu."

"Shikamoo, mzee," alisema Swalihu.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayetengeneza watu?"

"Ninasafisha picha tu, mzee."

"Hm. Umesafisha sana." Akakaa taratibu, mguu mbovu ameunyoosha. "Mimi sina ugomvi. Edina kaniomba nije nikusaidie kumchora mama yake, nikasema sawa. Lakini tufanye upesi, basi la Mpwapwa lisije likanipita."

Edina alitazama sakafu.

Swalihu alianza kwa kumwonyesha picha ya asili, pamoja na kile cheupe chake. Mzee akatikisa kichwa: "Hilo ni jua." Basi Swalihu akafungua ile iliyosafishwa, na akachora kovu kwa kukumbuka mabibi wa sokoni: duara, kivuli chembamba chini, mwanga juu. Akaliweka katikati ya paji, panapokaa alama za watu.

"Huyo ni mtoto wa watu," alisema mzee. "Mwenye adabu. Wangu hakutulia. Siku anawekewa, bibi yake kamshika kichwa hivi, jogoo akawika nyuma ya nyumba, naye akageuka kutazama. Ndiyo ikaenda pembeni. Nilipokwenda kumposa nilimwambia, wewe ni barua iliyogongwa muhuri na karani mlevi. Akanifukuza na mwiko." Akacheka, mabega yakatikisika. "Sogeza kushoto."

Swalihu akasogeza.

"Na hayo mashavu ni ya nani? Yeye alikuwa na mistari, hapa na hapa. Akicheka inafika sikioni."

Swalihu alisita. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja: akaanza kuiondoa Sabuni, tabaka baada ya tabaka. Makunyanzi yakarudi. Weusi wa chini ya macho ukarudi. Likarudi kovu la kidevuni ambalo hata hakukumbuka kulifuta. Ilikuwa kama kutazama mtu akitokea mbali kwenye vumbi, kwanza umbo, halafu mwendo, halafu unamjua. Chumbani kulipoa, au ni yeye Swalihu aliyepoa. Makame alisogea mpaka ukutani, akanong'ona "Astaghfirullah."

"Punguza ukubwa," alisema mzee. "Ni kama kitufe cha shati. Hapo. Juu kidogo. Si hivyo, umezidisha. Rudi."

Aliacha kutaja basi. Alikuwa ameinama mbele, mikono yote miwili juu ya fimbo, kidevu juu ya mikono. Sauti yake ilizidi kushuka.

"Kushoto tena. Taratibu."

Swalihu akasogeza. Sasa aliliona hata yeye. Kile kiduara kilichomfuata kwenye nyuso za watu mwezi mzima kilikuwa kinakaribia kukaa mahali pake, kama ufunguo unaozunguka tunduni kabla haujagonga. Ilibaki chembe tu. Hakuhitaji tena kuambiwa ni wapi.

"Basi," alisema mzee Zablon.

"Bado kidogo, mzee. Inabaki unywele mmoja."

"Najua kinachobaki. Mimi ndiye niliyeishi na uso huo." Mkono wake ulinyooka, mkavu, mzito, ukatua juu ya mkono wa Swalihu wenye kipanya. Haukubana. Ulikaa tu. "Usifike hapo."

"Baba," alisema Edina.

"Nimekusikia, mama. Nimewasikia wote, tangu ile siku ya kwanza. Mnadhani mimi mtoto?" Hakugeuka. Macho yalibaki kwenye kioo, na ndani yake maji yalikuwa yameanza kujaa polepole, kama kisima kilichochimbwa upya. "Huyu kijana akisogeza hicho alichobakiza, nitamjua. Nikishamjua, itabidi niende nikaone pale mlipomlaza. Nitakwenda. Sikatai. Nitachota udongo kwa mkono wangu. Lakini si leo. Leo sijajiandaa."

Edina alitoka nje. Walimsikia akilia dirishani, pale ilipokuwa imetundikwa ile picha.

Mzee alijiinua kwa fimbo, Swalihu akamshika kiwiko. Mlangoni alisimama akavuta pumzi.

"Kesho nitakuja, umalizie. Uje na wewe, Mgogo wa kwenye maji, usikimbie." Akafuta uso wake kwa kona ya koti. "Leo mwache alale Mpwapwa."

Bajaji iliondoka nao. Makame alisema anakwenda kununua chai, lakini alichukua na koti lake, na ilikuwa wazi kwamba harudi mpaka asubuhi. Swalihu alibaki peke yake. Aliitoa kwenye droo ile nakala Makame aliyoiondoa dirishani, akaiweka mezani ikiwa imelala kifudifudi. Kisha akakaa.

Mama Anjelina alimtazama kutoka kwenye kioo, makunyanzi yake yote yamerudi, nusu amekunja uso kwa jua, nusu anataka kucheka, kama aliyesikia jogoo nyuma ya nyumba. Alama ilikuwa nje ya mahali pake kwa upana wa unywele. Kidole cha Swalihu kilikuwa juu ya kipanya, na ni kidole kilichofundishwa miaka mingi kutoacha kitu kikikaa upande. Kilimuwasha. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi.

Alikiondoa. Akahifadhi kazi kama ilivyokuwa, akazima taa ya chumba, kioo akakiacha kikiwaka, akafunga mlango kwa nje taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgeni aliyelala.